Kwa nini miali hugawanywa

Jina la Shinkolobwe twalijua sote kwa ajili ya bomu la mwaka 1945. Wachache wakumbuka kwamba mawe ya shimo lile la Katanga yalitoa pia radiyumu, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji, tangu mwaka 1922, ikatumiwa na waganga kwa kutibu kansa. Twaeleza hapa jambo moja la historia ya dawa ya miali, kwani wagonjwa hutuuliza: Padri, mbona wanipiga miali kidogo kidogo, majuma na majuma? Wengine hudhani wameachwa, nao hawarudi tena hospitalini.

Jibu la kwanza lilitoka Paris. Katika miaka ya 1920 Claudius Regaud alipiga miali mapumbu ya kondoo dume. Kwa mara moja hakuweza kumfanya tasa pasipo kuunguza vibaya ngozi. Alipoigawanya kwa siku kadhaa, mnyama akawa tasa na ngozi ikapona. Mapumbu huzaa chembe upesi, kama uvimbe wa kansa. Ndiyo maana aliyachagua. Aliona tendo, sababu asiione.

Ilibidi kuhesabu. Mwaka 1956, huko Denver, Marekani, Theodore Puck na Philip Marcus walipiga miali chembe za Henrietta Lacks, mama aliyekufa kwa kansa mwaka 1951 (zilitwaliwa pasipo idhini yake, wala tusilipite neno hili mbio), wakahesabu zilizoweza bado kuzaa. Kipimo kidogo kiliua chache kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1959 Mortimer Elkind na Harriet Sutton waligawanya kipimo mara mbili: baada ya saa kadhaa, chembe zilizosalia zilikuwa zimejitengeneza, kana kwamba hazikupigwa kamwe.

Ndipo hesabu ikapata sura. A.D.N. ina nyuzi mbili. Pigo moja likizikata zote pamoja, madhara hufuata kipimo: kipimo mara mbili, madhara mara mbili. Yakihitajiwa mapigo mawili yakutane, madhara huwa mara nne. Lakini chembe ikipewa nafasi katikati, hushona jeraha la kwanza kabla ya la pili. Na kwa kawaida mwili mzima hufaidika na nafasi hiyo kuliko uvimbe. Mgonjwa wetu, basi, hakuachwa: siku za kungoja zimo ndani ya dawa.

Hesabu hiyo yatumika hata leo, ijapokuwa yaficha mengi. Mwaka 2004 Galit Lahav na wenzake walitazama chembe moja moja, wakaona protini p53, mlinzi wa A.D.N., ikipanda na kushuka kwa mawimbi. Jeraha likizidi, mawimbi huongezeka idadi, si ukubwa. Na chembe mbili za asili moja, zilizopigwa sawasawa, hazikujibu sawa.