Kimo cha Wepesi wa Hewa

Uwanja wa zamani wa ndege wa Mbeya uko mita 1,707 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni namba ya mpima ardhi, na haibadiliki. Rubani ana yake. Mchana wa Oktoba, joto likigonga nyuzi 27, ndege huhangaika pale kana kwamba uwanja umepandishwa hadi mita 2,550 hivi. Alfajiri ya Juni namba hiyo hushuka. Kwa Kiingereza huitwa density altitude, na mfasiri mwenye haraka ataandika “kimo cha msongamano” aendelee na kazi nyingine.

Sikubaliani naye. Msongamano ni Kariakoo mkesha wa sikukuu. Ni malori Tunduma. Ukimwambia mtu kimo cha msongamano kimepanda, ataelewa hewa imeshonana, ilhali imefanya kinyume: imetawanyika. Nyanda za Juu wanasema hewa nyepesi, basi. Kwa hiyo napendekeza kimo cha wepesi wa hewa. Ni jina refu, lakini kikipanda kimo, na wepesi umepanda.

Hewa huwa nyepesi kwa sababu ya mwinuko, na joto huizidishia wepesi. Injini isiyo na kifaa cha kushindilia hewa hupata oksijeni kidogo, nguvu zinapungua. Propela inakosa cha kushika. Mabawa nayo hayabebi mpaka ndege ikimbie zaidi, na hapo ndipo penye mtego. Kipimo cha kasi husoma msukumo wa hewa inayokipiga, kwa hiyo huonyesha namba ileile ya siku zote, huku ardhi chini inapita mbio kuliko rubani alivyozoea. Akiamini macho yake akapunguza mwendo, mabawa yanaacha kubeba ghafla. Asipopunguza, anahitaji uwanja mrefu zaidi wa kusimamia.

Mwaka 1928 wanawake wawili walipita Afrika Mashariki, kila mmoja akiwa peke yake ndani ya ndege ndogo isiyo na paa. Lady Heath alitoka Afrika Kusini kwenda London, akafika Mei. Lady Mary Bailey, mama wa watoto watano, alikuwa ameondoka Uingereza Machi kuelekea Cape Town. Wakubwa wa Sudan walikataa mwanamke kuvuka anga lao bila mwanamume wa kumsindikiza, akatafutiwa rubani wa kuruka sambamba naye. Alipoachwa huru akaendelea kusini, na Aprili, wakati wa kutua Tabora, ndege yake aina ya Moth ikavunjika. Yeye alitoka salama.

Tabora si mlimani. Ni tambarare ya mita 1,200 hivi, na jicho halioni sababu ya kuogopa. Lakini kwa nyuzi 30, kimo chake cha wepesi hufika mita 2,000. Rubani aliyefundishwa kutua kwenye majani ya viwanja vya London, karibu kabisa na usawa wa bahari, hapo ni mgeni hata kama leseni anayo. Mume wa Lady Bailey, Sir Abe Bailey, tajiri wa migodi, akafanya mpango apatiwe Moth nyingine, na 30 Aprili akatua Cape Town. Magazeti yalishughulika zaidi na ujasiri wa mke wa tajiri. (Kiingereza kilikuwa na neno la pekee kwa rubani wa kike. Rubani wetu, neno lililotoka kwenye vyombo vya baharini, halijawahi kuuliza jinsia.)

Rubani Beryl Markham hakuwa na ugeni huo. Alikulia Njoro, akajifunza kuruka Nairobi, kwenye mita karibu 1,700, sawasawa na Mbeya. Hewa nyepesi kwake ndiyo ilikuwa hewa. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, Kanada, na kilichomwangusha kwenye kinamasi mwishoni kilikuwa mafuta kutofika kwenye injini.

Kufikia 1932 Mbeya ilikuwa kituo cha Imperial Airways kati ya Dodoma na Mpika. Kwa njia hiyo ya kusini kampuni iliagiza ndege mpya, Atalanta, yenye injini nne, kwa sababu viwanja vyake vilikuwa vya juu na vya joto. Hesabu ya kimo cha wepesi rubani huifanya kichwani: kila nyuzi moja juu ya joto la kawaida la kimo cha uwanja huongeza mita 36 hivi. Uwanja wa Nduli, Iringa, uko mita 1,426, na joto lake la kawaida kwa hesabu hiyo ni nyuzi 6 tu. Jua likifikisha 25, rubani anaweza kumwambia mwenzake kwa Kiswahili kisicho na utata: “Nduli leo, kimo cha wepesi mita 2,100, tupunguze mizigo au tungoje jioni.”