Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao Ni Wapi?

Jioni moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa Jaws Corner, Mji Mkongwe, mkononi kikombe cha kahawa. Mazungumzo, ambayo kwa kawaida pale huanza na siasa na kuishia kwenye siasa, siku hiyo yalikuwa ya mpira. Dirisha la usajili lilikuwa wazi, na ilisemekana kwamba kilabu kimoja cha Ligi Kuu ya Zanzibar kimeleta wachezaji kadhaa kutoka Bara na nchi jirani, huku vijana wake wa daraja la chini wakiachwa bila ya timu. Mmoja akasema vilabu vyetu viwekewe sharti la kusajili watoto wa visiwani kwanza. Mwengine akamjibu kwamba mpira hauna pasipoti. Anayefunga mabao ndiye achezeshwe. Mabishano yalipopamba moto, mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akayafunga kwa methali: "Mcheza kwao hutunzwa."

Wote tukatikisa vichwa. Njiani kurudi nyumbani, hata hivyo, nilijikuta nikiuliza swali ambalo methali ile haikulijibu. Kwao, ni wapi? Katika visiwa hivi swali hilo si la mchezo. Limewahi kuamua nani apige kura, nani amiliki ardhi, na kwa siku fulani mbaya katika historia yetu, nani abaki hai. Kabla ya kusema vilabu vyetu viwape kipaumbele watoto wa nyumbani, jambo ambalo mimi binafsi naliunga mkono, ni lazima tukubaliane mtoto wa nyumbani ni nani. Naomba msomaji anifuate katika historia, kwa sababu historia ya mpira wa Unguja ina jibu, na jibu lenyewe silo ambalo wengi wetu hulitarajia.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuucheza mpira huu kisiwani walikuwa wanafunzi wa Kiungani, kusini kidogo ya mji, mwishoni mwa karne ya 19. Skuli ile ilikuwa ya misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi UMCA, na wengi wa wanafunzi wake wa awali walikuwa watoto waliokamatwa utumwani, kisha wakaokolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi. Mwaka 1887 zilichapishwa London simulizi za baadhi yao, zilizohaririwa na A. C. Madan. Ukizisoma unakutana na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watoto waliotenganishwa na wazazi wao mamia ya maili kutoka baharini. Hao ndio waliofundishwa kuusukuma mpira kwenye ardhi ya Unguja. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na babu aliyezikwa hapa. Kama kipimo cha mwenyeji ni kaburi la babu, basi mpira wa Zanzibar ulianzishwa na wageni, tena wageni wasiokuja kwa hiari yao.

Kutoka Kiungani na kutoka kwa maofisa na makarani wa Kiingereza mpira ulitambaa hadi Mnazi Mmoja, na kutoka hapo ukavuka kwenda Ng'ambo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka 2001, ameeleza kwa kina jinsi Ng'ambo, mtaa wa makuti na udongo uliokaliwa na wengi waliotoka utumwani pamoja na wahamiaji maskini, ulivyoufanya mpira kuwa wake. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Katika miaka ya 1920, wakati kombe lililobeba jina la sabuni ya Sunlight likishindaniwa, watoto na wajukuu wa watu wale walikuwa tayari wana timu zao, wapenzi wao na ubishi wao wa mitaani. Timu hazikumuuliza kijana ukoo wake ulitoka Nyasa au Ngazija. Zilimuuliza anakaa mtaa gani na anacheza namba ngapi. Kwa watu ambao jamii ilikuwa ikiwakumbusha kila siku kwamba asili yao ni ya utumwa, jezi ya mtaa ilikuwa hati ya uenyeji ambayo serikali ya kikoloni haikuwapa.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wake wa giza. Palikuwepo pia timu zilizojipanga kwa kabila na asili: za Wazungu, Wagoa, Waarabu, Wangazija, Waafrika. Kwa miaka mingi hilo halikuwa na madhara makubwa. Watu walishindana uwanjani na kusalimiana msikitini na sokoni. Ilipofika miaka ya 1950, zama ambazo wazee wetu huziita zama za siasa, vilabu viligeuka kuwa matawi ya vyama. African Sports Club, ambayo Abeid Amani Karume alihusishwa nayo, ilikuwa karibu sana na African Association, na mwaka 1957 jumuiya hiyo na Shirazi Association zikaungana na kuzaa Afro-Shirazi. Kila upande ukawa na viwanja vyake, maduka yake na hata mazishi yake. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, na wengi wao walikuwa Waarabu. Miaka miwili na nusu baadaye yakaja Mapinduzi. Sisemi kwamba mpira ndio uliosababisha maafa hayo. Ninachosema ni kwamba uwanja ulikuwa miongoni mwa mahali ambapo watu walijifunza kuhesabu nani wetu na nani si wetu, na hesabu hiyo ikaja kufanywa kwingine kwa mapanga.

Kwa hiyo ninaposikia barazani kwamba wasajiliwe "wazawa" kwanza, moyo wangu unagawika. Nusu unaafiki, kwa sababu ninajua gharama ya kumpuuza mtoto wa skuli anayecheza peku Jang'ombe au Makunduchi. Nusu ya pili inaogopa, kwa sababu ninajua neno hilo limetoka wapi na limewahi kufika wapi.

Twende sasa kwenye zama zilizo karibu. Ligi ya Muungano ilipoanza mwaka 1982, wengi Bara walidhani vilabu vya visiwani vitakuwa wasindikizaji. KMKM ikautwaa ubingwa mwaka 1984, na Malindi ikauchukua mara mbili, 1989 na 1992. Mwaka 1995 timu ya Zanzibar ilirudi kutoka Uganda na Kombe la Chalenji. Mafanikio hayo hayakushuka mbinguni. Yalitokana na ngazi ambazo kila Mzanzibari wa rika langu anazijua: Juvenile, Junior, Central, kisha madaraja ya juu. Kijana alipanda ngazi hizo mbele ya macho ya mtaa wake, na alipofika juu mtaa ulijua umemkuza.

Ngazi hizo zinaendelea kuzaa matunda, ila matunda huliwa kwengine. Nadir Haroub "Cannavaro" aliondoka Malindi akaenda Yanga, na akaja kuwa nahodha wa Taifa Stars. Feisal Salum alitoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018, na Ibrahim Hamad "Bacca" akatoka KMKM kwenda huko huko mwaka 2022. Hatuna sababu ya kuwalaumu. Riziki haina mipaka. Lakini tazama hali ya vijana wanaobaki. Machi 2017 CAF ilitupa uanachama kamili, na Julai mwaka huo huo ikatunyang'anya. Desemba ikafuata fainali ya Chalenji kule Machakos, ambapo vijana wetu, baada ya kuifunga Tanzania Bara na kuwatoa Uganda kwenye nusu fainali, walipoteza kombe mbele ya Kenya kwa penalti tu. Watu walilia mitaani, na walijivunia. Visiwa visivyokuwa na kiti FIFA havina njia nyingi za kumwonesha dunia mtoto wao. Njia iliyo mikononi mwetu wenyewe ni ligi yetu. Nafasi moja tunayoigawa ovyo humo ni mlango tunaoufunga kwa mtoto ambaye hana mlango mwengine.

Nitaambiwa, na kwa haki, kwamba ubora huja na ushindani. Januari 2024, katika Uwanja wa Amaan uliokuwa umefunguliwa upya wiki chache tu kabla, Mlandege iliifunga Simba bao 1-0 na kulitetea Kombe la Mapinduzi ililolichukua mwaka uliotangulia. Bao lile lilifungwa na Joseph Akandwanaho, kijana kutoka Uganda. Sikumsikia mtu yeyote usiku ule akisema bao la mgeni lisihesabiwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wachezaji wa nje wanaleta ujuzi, wanawaamsha wenyeji, na wanatukumbusha kwamba Unguja haijawahi kuwa kisiwa kilichofungwa, ni bandari. Sitaki kanuni itakayomfukuza Akandwanaho mwengine.

Hapa ndipo ninapoona umuhimu wa kutofautisha vilabu. Klabu ya mtaa inayoishi kwa michango ya wapenzi na mifuko ya wafadhili ina haki ya kuamua yenyewe. Lakini vilabu kadhaa vikubwa vya ligi yetu ni vya vikosi: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto. Kwa kijana wa Unguja, kusajiliwa huko mara nyingi si kupata jezi tu, ni kupata ajira. Na mshahara wa askari hulipwa na Hazina, yaani na mama muuza samaki wa Darajani na mkulima wa mwani wa Paje. Huko Marekani, ambako vyuo vikuu vya majimbo huendesha timu zenye mashabiki wengi kuliko vilabu vingi vya Ulaya, kuna mjadala wa miaka mingi unaofanana na wetu: chuo kinachobebwa na kodi za wananchi wa jimbo, je, kisianze kutafuta wachezaji katika skuli za sekondari za jimbo hilo? Hoja ya msingi ni ile ile. Anayekula kwenye sahani ya umma ana deni kwa watoto wa umma.

Swali la nani mtoto wa nyumbani limejibiwa vizuri na watu wa mbali. Athletic ya Bilbao, Uhispania, tangu mwaka 1912 imeshikilia desturi ya kuchezesha Wabasque tu, na haijawahi kushuka daraja. Lakini desturi hiyo imetanuka kwa miaka. Leo inamhesabu kuwa wao kijana aliyezaliwa au kufundishwa mpira katika nchi ya Wabasque. Nyota wao Iñaki Williams ni mtoto wa wazazi kutoka Ghana waliovuka Sahara kwa miguu. Alizaliwa Bilbao na akakulia kwenye viwanja vya kwao. Wabasque, watu wenye wivu mkubwa wa lugha na asili yao, wameona kwamba kumkuza mtoto kunaweza kumfanya mtu wako sawasawa na kumzaa.

Nina sababu ya binafsi ya kulisisitiza hili. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya timu ndogo ya mtaa, ambayo sitoitaja. Palikuwa na kijana tuliyemwona tangu Juvenile, beki hodari, aliyesoma skuli ya pale pale na kufunga Ramadhani na wenzake. Baba yake alikuja kutoka Bara kufanya kazi ya ujenzi. Ilipofika kupendekeza majina ya kupelekwa kwenye majaribio ya klabu kubwa, mjumbe mmoja akasema: "Huyu si wa kwetu, tuwatangulize wetu." Hakuna aliyepinga. Nami, mwenye shahada ya uzamivu na mihadhara mingi kuhusu Ng'ambo, nilitazama chini na kukoroga chai yangu. Jina lake halikwenda. Nasikia siku hizi anaendesha bodaboda. Pengine asingefaulu majaribio. Hilo halijui mtu. Ninachokijua ni kwamba tulikuwa tumemlea kwa miaka minane, na kwa sentensi moja tukamrudisha alikotoka baba yake, mahali ambapo yeye hakuwahi kuishi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ndiyo, vilabu vyetu, na kwanza kabisa vilabu vya vikosi, viwape kipaumbele vijana wa visiwani. Waalimu wa mpira wa vilabu hivyo waonekane kwenye mashindano ya skuli za Unguja na Pemba kabla hawajapanda boti kwenda Dar es Salaam kutafuta mchezaji aliyekwishaiva. Idadi fulani ya nafasi za usajili zitengwe kwa waliopitia ngazi zetu za vijana. Lakini kipimo kiwe ni kiwanja alichokulia mchezaji, miaka aliyocheza hapa na skuli aliyosoma. Kisiwe jina la babu yake, wala lafudhi ya mama yake. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kina kazi zake, na kuchagua beki wa kulia si moja ya kazi hizo.

Namrudia mzee wetu wa Jaws Corner. Katika ngoma, kumtunza mchezaji ni kumpa tuzo mbele ya watu. Lakini kutunza ni pia kulea, kulinda na kuangalia kitu kisiharibike. Tumezoea kuisoma methali ile kwa maana ya kwanza tu: mwenyeji apewe zawadi kwa sababu ni mwenyeji. Wavulana wa Kiungani wanatufundisha kuisoma kinyume. Kwao hapakuwa hapa mpaka walipopewa pa kuchezea.