Nani Aliyechuma Bogenvilia?

Bogenvilia imetanda kwenye nyua za miji yetu, na kisa chake kinajulikana: aliivumbua Bougainville, nahodha Mfaransa. Kisa hicho hakinishawishi. Nahodha alikuwa na meli za kuongoza. Mimea ilikuwa kazi ya Philibert Commerson, mtaalamu wa msafara. Mmea ulichumwa Rio de Janeiro mwaka 1767, na wakati huo Commerson alikuwa na kidonda kibaya cha mguu. Basi nani aliyeingia vichakani?

Alikuwepo mtumishi wake, "Jean" Baret. Jina la kweli ni Jeanne: mwanamke aliyevaa kiume, maana sheria ilikataza wanawake kwenye meli za kivita za Ufaransa. Nikarudi nyuma hadi kitabu cha ubatizo cha La Comelle, Burgundy, Julai 1740. Baba ni kibarua. Sahihi yake haipo. Binti wa nyumba kama hiyo aliijulia wapi mimea?

Wapo wanaosema alikuwa bingwa wa mitishamba, tena ndiye aliyemfundisha Commerson. Ushahidi wao ni orodha ya mimea ya dawa iliyomo katika karatasi za Commerson mwenyewe. Kumpa Baret orodha hiyo ni kubahatisha, na njia hiyo iliniishia hapo. Tukiiweka kando, kinabaki nini?

Kinabaki kitabu cha nahodha. Anamweleza Baret akipanda milima yenye theluji kwenye Mlangobahari wa Magellan, amebeba chakula, silaha na madaftari ya mimea, hata bwana wake akambandika jina la mnyama wa mizigo. Kwa hili namwamini nahodha; hakuwa na faida ya kulitunga. Je, nimwamini pia kuhusu siku Baret alipogunduliwa?

Anasema Watahiti walimtambua mara tu alipokanyaga ufukweni, Aprili 1768. Lakini aliyaandika hayo mwishoni mwa Mei, Tahiti ikiwa mbali nyuma yao. Wenzake melini waliandika kwa namna nyingine, na mmoja anauweka ufichuzi huo Julai, kisiwa cha New Ireland, kwa maelezo machungu zaidi. Nani alikuwa na sababu ya kukilainisha kisa?

Nyaraka za baadaye hazina utata mwingi. Commerson alifariki Mauritius mwaka 1773. Mwaka uliofuata Baret aliolewa na askari hukohuko, kisha akarejea Ufaransa, mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mwaka 1785 wizara ya majini ilimpa pensheni ya livre 200 kwa mwaka. Serikali ingemlipaje mbeba mizigo tu?

Nani alikata tawi lile la Rio, hakuna karatasi inayosema. Nikiupima mguu wa Commerson na mzigo wa Baret, naegemea kwa Baret, ila siapi. Spishi zaidi ya 70 zimepewa jina la Commerson. Baret alipata ya kwake mwaka 2012: Solanum baretiae, ndugu wa nyanya na bilinganya.