Baridi Inayotoroka

Asafiriye kutoka Emali kwenda Wote, au kutoka Mwingi kwenda Kitui, katika mwezi wa Februari, hana haja ya kuelezwa joto ni nini. Jua la Ukambani huwaka tangu asubuhi, vumbi jekundu hutimka nyuma ya magurudumu, na mtu aliyeketi ndani ya pikapu kuukuu hujiona kama kiazi kilichofukiwa jivuni. Dereva hubonyeza kidude cha kiyoyozi. Hewa hutoka, walakini ni hewa ya moto. Mwezi uliopita alikwenda kwa fundi akajaziwa gesi, na mwezi wa kabla ya huo vivyo hivyo. Kwa nini basi baridi hii haikai? Jawabu moja limo katika chuma, na jingine limo katika historia.

Wazee wetu walijua kupoza maji kabla ya motokaa kuletwa. Mtungi wa udongo hutoa jasho jembamba. Jasho hilo hugeuka mvuke, na mvuke unapoondoka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Madereva wa zamani waliopita njia ya Mombasa, pande za Kibwezi na Mtito Andei, walitumia elimu hiyo hiyo: walitundika mbele ya gari mfuko wa turubali uliojaa maji, upepo ukaupuliza, maji yakapoa. Kiyoyozi nacho ni mtungi, ila ni mtungi uliozibwa pande zote. Kiowevu hugeuka mvuke katika vibomba vilivyo nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la ndani ya gari. Kompresa huusonga mvuke ule na kuupeleka mbele ya rejeta, nao hutoa joto lake nje ukawa kiowevu tena.

Taabu ilikuwa kupata kiowevu chenyewe. Amonia, iliyotumiwa hapo awali, ilikuwa sumu. Mnamo mwaka 1928 Thomas Midgley wa Marekani (ndiye yule yule aliyebuni kutia risasi katika petroli) alitengeneza pamoja na wenzake gesi iliyokuja kuitwa Freon. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, aliivuta kifuani, kisha akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika, naye akasimama mzima. Miaka tisa baadaye kiwanda cha Packard kilionyesha motokaa yenye kiyoyozi. Kilikuwa chombo kikubwa mno, na dereva aliyetaka kukizima ilimbidi asimamishe injini, afungue boneti na kuvua mkanda kwa mkono!

Gesi ile isiyodhuru mapafu ilikuwa na madhara ya mbali. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba ilipanda juu sana na kuila ozoni, ile tabaka inayotukinga na miale mikali ya jua. Na mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika ilikuwa imepungua mno. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapa Nairobi na wakati huo likiongozwa na Mostafa Tolba wa Misri, likawakusanya wajumbe wa nchi mbalimbali. Mkataba ukatiwa sahihi Montreal mwaka 1987, na Kenya ikaukubali mwaka uliofuata.

Basi pikapu nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1990 ziliachwa yatima. Gesi yao ilikoma kuuzwa, zikajazwa gesi mpya iitwayo R-134a. Lakini mafuta ya kale ya kompresa hayachanganyiki na gesi hiyo. Husalia mabombani, kompresa ikakauka na kukwama. Chembe zake ni ndogo kuliko za ile ya kale, nazo hupenya katika mipira iliyozeeka. Ongeza mtikisiko wa barabara za mawe, unaolegeza viungo vya mabomba, na vumbi linaloziba wavu ulio mbele ya rejeta hata joto likakosa pa kutokea.

Kiyoyozi hakili gesi kama injini inavyokula petroli. Ikipungua, imetoka mahali. Ajazaye bila kutafuta tundu anamwaga fedha hewani, na si fedha peke yake: R-134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya kilo elfu moja za kaboni dioksidi. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana tena, safari hii Kigali, mwezi wa Oktoba 2016, yakakubaliana kuipunguza pia.

Fundi mwangalifu huanza na ndoo ya maji ya sabuni. Hupaka povu katika kila kiungo, huku mabomba yakiwa yameshindiliwa naitrojeni, kisha huinama kimya na kutazama. Kiungo kimoja kikitoa kiputo, na kiputo kingine baada yake, hapo ndipo baridi ilipokuwa ikitorokea.