Ramisi: Mnazi wa huyu, shamba la yule

RAMISI ni makazi ya wakulima katika Kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lungalunga, karibu na mto wa jina hilo uingiao Bahari ya Hindi.

Wenyeji wake ni Wadigo, ambao hupanda mihogo, mahindi, minazi na mikorosho. Kwa mila zao, mti na ardhi ni mali mbili tofauti: mtu aweza kumiliki minazi katika shamba la mwenziwe, akaiuza, akaiweka rehani au akairithisha. Zamani urithi ulifuata upande wa mama, mali ya mjomba ikimwendea mpwa. Sheria ya Kiislamu ikawapa watoto haki ya kumrithi baba yao.

Kiwanda cha sukari kilichoanzishwa mwaka wa 1927 kiliyageuza maisha hayo. Mashamba ya miwa yalivuta vibarua Wakamba, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Kilipofungwa mwaka wa 1988, wengi walibaki bila kazi wala hati za ardhi. Wamakonde hawakuwa hata na vitambulisho vya kuwawezesha kusajili shamba, hadi serikali ilipowatambua kuwa raia mwaka wa 2016.

Mwaka wa 2007 serikali ilikodisha ardhi ya miwa kwa kampuni nyingine, na mizozo ya mipaka na fidia ikafuata. Mwekezaji huonyesha mkataba. Mkulima huonyesha mnazi alioupanda babu yake.