Nani Alilipia Udaktari wa Saikolojia?

Mwaka 1882 kijana John Dewey aliomba ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akanyimwa. Hakukata tamaa. Alikopa dola 500 kwa ndugu wa ukoo, akajilipia mwenyewe. Chuo hicho, tangu kilipofunguliwa mwaka 1876, kilikuwa kikitenga kiasi kama hicho kwa mwaka kwa kila mmoja wa wanafunzi 20 waliochaguliwa.

Mpango huo ulikuwa mgeni Marekani. Aliyetaka udaktari kwa kawaida alipanda meli kwenda Ujerumani, ambako Wilhelm Wundt alianzisha maabara yake ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, na gharama zikabaki kwa familia. Johns Hopkins iliamua kuwalipa vijana wasomee nyumbani.

Mmoja wa waliobahatika mwaka ule Dewey aliponyimwa ni James McKeen Cattell. Mwaka uliofuata hakuongezewa, na nafasi yake akapewa Dewey. Cattell, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa Chuo cha Lafayette, alifunga safari hadi kwa Wundt, akatunukiwa shahada mwaka 1886.

Miaka michache baadaye Cattell alikuwa profesa Columbia, na mbele yake akawepo Margaret Floy Washburn. Chuo kilimkubali kama msikilizaji tu, kwa kuwa ni mwanamke. Cattell hakujali hilo; alimpa kazi ya maabara sawa na wanaume. Kazi yenyewe ilikuwa kugusa ngozi ya mtu kwa ncha mbili zilizokaribiana, kisha kuzitenganisha kidogo kidogo mpaka mguswaji aseme anahisi mbili, si moja. Lakini Columbia haikuwa na ufadhili kwa wanawake, hivyo Cattell akamshauri aende Cornell. Huko fedha za Henry Sage, tajiri wa mbao, zilikuwa zimeanzisha shule ya falsafa yenye jina la marehemu mkewe. Washburn alipata ufadhili, na mwaka 1894 akawa mwanamke wa kwanza Marekani kupata udaktari wa saikolojia.

Fedha peke yake hazikutosha. Mary Whiton Calkins alitimiza masharti yote ya udaktari Harvard kufikia mwaka 1895, na walimu wake wakamsifu, lakini chuo kikakataa kumpa shahada.

Kwa Wamarekani weusi mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Francis Cecil Sumner, aliyepata udaktari Chuo Kikuu cha Clark mwaka 1920, alikuwa wa kwanza miongoni mwao katika saikolojia. Baadaye aliongoza idara ya somo hilo Chuo Kikuu cha Howard, alikopita Mamie Phipps Clark. Mfuko wa Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa kampuni ya Sears, ulimfadhili Mamie aendeleze utafiti wa kuwauliza watoto weusi wachague kati ya mwanasesere mweusi na mweupe. Alipata udaktari Columbia mwaka 1943. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitaja kazi ya mumewe, Kenneth, kuhusu madhara ya ubaguzi kwa watoto ilipopiga marufuku utengano wa rangi katika shule za umma.

Serikali iliingia kwa kishindo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Askari wengi walirudi na matatizo ya akili, na wataalamu walikuwa wachache. Mwaka 1946 idara ya maveterani ilianza kulipia wanafunzi wapatao 200 katika vyuo vikuu 22. Walisoma huku wakifanya kazi ya malipo katika hospitali zake. Idara ilitaka pia kujua ni vyuo gani vinavyofundisha vizuri, na chama cha wanasaikolojia kikaanza kuvikagua. Mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949, ukakubaliana kwamba mwanasaikolojia wa tiba afunzwe utafiti na matibabu kwa pamoja. Hadi leo vyuo vingi vya Marekani vinavyofuata mkondo huo husamehe karo na kutoa posho, na mwanafunzi hulipia kwa kufundisha, kusaidia utafiti au kuhudumia wagonjwa.