Minyoo wa Ini katika Ng'ombe

Minyoo wa ini ni minyoo bapa wa jenasi Fasciola wanaoshambulia ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wengine walao majani. Fasciola hepatica, mwenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, ni wa nchi za baridi. Afrika Mashariki yuko nyanda za juu. Kwenye joto la mabondeni anatawala Fasciola gigantica, anayeweza kufikia sentimita 7. Mwingereza Thomas Spencer Cobbold alimweleza mwaka 1855, baada ya kumkuta katika twiga.

Bila konokono hakuna ugonjwa. Mayai hutoka na kinyesi, na yakifika majini penye joto huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Kiluwiluwi anayetoka ana siku moja tu ya kumpata konokono wa jamii ya Lymnaea, la sivyo hufa. Akimpata, huzaliana ndani yake kwa mamia. Watoto hao hutoka, hujishika kwenye nyasi za ukingoni na mabua ya mpunga, hujifunika ganda na kungoja kuliwa. Kwa hiyo kiangazi, mifugo inaposhushwa bondeni kufuata majani mabichi, ni msimu wa hatari.

Wakishamezwa hutoboa utumbo, kisha hulichimba ini kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia katika mirija ya nyongo. Kondoo huweza kufa ghafla wakati huo. Ng'ombe kwa kawaida hukonda polepole, maziwa hupungua, ufizi hupauka, na mwishowe maji hujaa chini ya taya. Ni rahisi mno kusingizia njaa ya kiangazi, na hapo ndipo mfugaji anapopoteza miezi mingi. Machinjioni mambo huwa wazi: kisu cha mkaguzi wa nyama hukwaruza mirija iliyokakamaa kwa chokaa, na ini hutupwa.

Albendazoli huua minyoo waliokomaa tu. Triklabendazoli huua hata wachanga, wale wanaolichimba ini. Dozi ifuate uzito, kwani kupunja dawa huzalisha minyoo sugu. Hata hivyo, anayenywesha dawa kisha akairudisha mifugo kwenye tope lilelile amefanya nusu ya kazi. Kidimbwi kizungushiwe uzio, maji yatolewe kwenye birika pakavu.

Binadamu pia huugua, lakini si kwa kula ini la ng'ombe mgonjwa, kama wengi wanavyohofia. Huambukizwa kama ng'ombe mwenyewe: kwa mboga mbichi zilizoota majini, au maji yasiyochemshwa.